Ya Juu Ikae Juu, ya Chini Ikae Chini

Kama simu yako hupandisha kila picha na kila video kwa wingu usiku ukiwa umelala, na hujawahi kukaa chini ujiulize ni nini hasa inapanda, hii ni yako. Na kama wewe ni yule msee wa "mimi siamini wingu, vitu zangu ziko kwa flashi," halafu flashi yenyewe ni moja na inaning'inia pamoja na funguo za keja, usiende mbali. Nina maneno na nyinyi wawili.

Watu hubishana wingu ama diski kama vile ni Gor na Ingwe, lazima uchague upande. Mimi nikishika faili huwa nauliza swali moja: hii ikipotea, nani atakuwa ameichukua? Mwizi wa simu? Moto? Kampuni iliyofunga akaunti? Ama haitapotea kabisa, ila kuna mtu ataingia kwa akaunti yangu atazame kilicho ndani? Kila mmoja wa hao ana mlango wake, na hakuna mahali pamoja panapofunga milango yote. Ndiyo maana kwa laptopu yangu kuna folda mbili kubwa, moja inaitwa JUU na nyingine CHINI. JUU inaenda wingu yenyewe. CHINI haijawahi kuonja intaneti.

Simu yangu iko kwa Kiswahili. Wasee hunicheka, ati nani huweka simu Kiswahili, lakini hapo ndipo nilielewa haya mambo. Google wana maneno mawili tofauti: kuna "kuhifadhi nakala" na kuna "kusawazisha". Ukiyasoma kwa Kiswahili huwezi kuyachanganya. Nakala ni kitu cha pili, unakiweka kando, hata cha kwanza kikiungua hiki kipo. Kusawazisha ni mpira: Gor wamefungwa moja, dakika ya themanini wanasawazisha, ubao unasoma moja kwa moja. Sasa kazi ya mtambo wa kusawazisha ni kuhakikisha ubao unasoma sawa kila wakati. Ukiongeza huku, na huku inaongezwa. Ukitoa huku, na huku inatolewa. Haujali kama ulitoa ukiwa na usingizi.

Hapo ndipo watu huumia. Simu imejaa, unafuta video mia mbili ukijiambia "si ziko kwa wingu." Kama ni Google Photos na ilikuwa inapandisha, ukifuta ndani ya hiyo app umefuta pande zote mbili. Zinakaa kwa takataka siku 60, halafu kwaheri. Kuna kitufe kingine cha kupata nafasi, chenyewe hutoa zilizo kwa simu na kuacha za juu, lakini wangapi hukitafuta? iCloud ni hivyo hivyo, tena takataka yao hukaa siku 30. Na kuna siku ambayo hata wewe hujafuta kitu: Novemba 2023 watu waliokuwa wakitumia Google Drive ya kompyuta walianza kufungua na kukuta kazi ya miezi haionekani. Google wakakubali kuna hitilafu, na mwezi uliofuata wakatoa njia ya kurudisha. Waliokuwa na nakala nyingine kwa diski walikunywa chai wakingoja. Wengine sijui walikunywa nini.

Halafu kuna hesabu, na hesabu ya Kayole si hesabu ya Kilimani. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na hizo 15 zinagawanywa na Gmail, Drive na Photos. Zamani picha hazikuhesabiwa kama umekubali zipunguzwe ubora. Hiyo raha iliisha tarehe 1 Juni 2021. iCloud wanakupea 5. Sasa shika iPhone, ingia kwa mipangilio ya kamera, Apple wameandika wenyewe hapo: dakika moja ya 4K kwa fremu 30 ni karibu MB 170, na hiyo ni ile njia ya kubana faili. Saa moja ni GB 10 na kitu. Rekodi harusi ya binamu yako kwa saa moja na nusu, akaunti imejaa. Na ikijaa, Gmail nayo inasimama, hutumi na hupokei. Nakuambia kuna kijana saa hii analia ati brand zimemsahau, kumbe email yao iligonga ukuta kwa sababu klipu za nganya za 1960 zimejaza kila kitu.

Hata ukilipia nafasi, lazima faili ipande. Waifai ya ploti yetu tunagawana nyumba kadhaa. Jioni kila mtu akiwasha TV, unabaki na kama megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha, na hiyo ni siku nzuri. GB 10 kwa mwendo huo ni karibu saa nne na nusu, stima isipopotea katikati. Kwa bando la simu sitaki hata kupiga hiyo hesabu.

Mtu aliyeelewa haya mapema kuliko sisi wote ni jamaa wa muvi. Kila mtaa Eastlands unaye. Kibanda, kompyuta moja ya kitambo, TV ikionyesha DJ Afro akisimulia muvi kwa sauti inayofika hadi stage, na wewe unaleta flashi unajaziwa. (Haki za wenye muvi ni mada ya siku nyingine, msinianze.) Wetu niliwahi kumuuliza mbona asiweke mali yake yote online kama watu wa kisasa. Akanitazama vile mtu mzima hutazama mtoto aliyeuliza maji ya bahari hulipiwa na nani.

"Boss, nikiziweka huko juu, nani atalipa bando ya kuzishusha kila mteja akija?"

Halafu akanionyesha. Ana diski mbili kubwa zinazofanana. Moja hukaa dukani inafanya kazi, nyingine hulala kwake. Jumapili asubuhi kabla hajafungua analeta ya nyumbani, ananakili kilichoongezeka wiki hiyo, anairudisha jioni kwa mkoba. Kibanda kikiungua leo, kesho anafungua kingine. Lakini daftari la wanaodaiwa, lile la kalamu, hilo kila jioni analipiga picha na kujitumia kwa email. Nikamuuliza mbona hili linaenda juu na muvi haziendi. Akasema muvi ni nzito na zikipotea atazikusanya tena kwa wenzake. Daftari ni jepesi, na likipotea hakuna mwenzake ana lingine.

Huyo mtu hajawahi kusikia neno "sync" na amepanga vitu vyake kuliko mafundi wengi wa kompyuta ninaowajua. Mpango wangu wote nimeuiba pale kibandani.

Kwa hivyo JUU ni vitu vyepesi visivyo na ndugu. Skripti, orodha za mawazo ya video, invoisi, mikataba, cheti changu cha KCSE kilichopigwa skani. Na ile faili ya mradi, hii wahariri wengi huisahau: ukiediti, programu inaweka kazi yako yote, pale ulipokata, maandishi, rangi, kwa faili ndogo tofauti na klipu zenyewe. Mara nyingi ni MB chache tu. Hiyo ndiyo ina usiku wako watatu bila usingizi. Inapanda juu kila nikihifadhi.

CHINI ni uzito. Klipu mbichi zote, na video iliyokamilika kwa ubora wake wa mwisho. Usiniambie "si iko YouTube." Iko, lakini wameibana, na ukiishusha kesho kutengeneza kitu kingine utaona tofauti. TikTok ndio hata tusiongee. CHINI ina diski mbili kama za jamaa wa muvi, na hazilali nyumba moja. Hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu nakala mbili kwa meza moja ni nakala moja ukikutana na moto, ama na wale vijana wa kuvunja milango saa nane ya usiku. Hao hawachukui laptopu wakuachie diski.

Kitambulisho changu hakiko JUU, na hapa najua wengi hawatakubaliana na mimi. Watu hupiga picha ID pande zote mbili na kuiacha kwa simu iliyounganishwa na wingu. Fikiria tu vile simu huibiwa huku kwetu. Uko kwa mathree, jam ya Jogoo Road, dirisha wazi, unaongea, mkono unaingia. Simu imeenda ikiwa wazi. Aliyeishika ameshika na Gmail, na Drive, na Photos, kwa sababu zote ziko ndani zimeshaingia. Wingu limehakikisha picha zako hazijapotea, asante sana, na pia limehakikisha anazo. Picha ya ID pande mbili ni kitu mtu anaweza kujisajilia nacho kwa jina lako. Cheti cha KCSE akiona gredi yangu, acheke aende.

Nimewasema sana watu wa wingu, kwa hivyo niwaseme na hawa wa "mimi naweka tu Telegram."

Najua mnavyofanya. Ujumbe Uliohifadhiwa, faili hadi GB 2, bure, haijai. Ni tamu. Lakini mko Kenya. Novemba 2023 wakati wa KCSE Telegram ilisumbua nchi nzima. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza kampuni za simu ziifunge hadi mitihani iishe, kisa watu wa kuuza karatasi za mtihani. Yaani kazi yako ya kumpelekea mteja imezuiliwa kwa sababu ya Hesabu Karatasi ya Pili. Mwenye VPN alipita, sawa. Mimi sitaki kazi yangu itegemee kama mtoto wa Form Four ananunua mtihani.

Na hata bila serikali kugusa chochote, hilo wingu lenu liko chini ya maji. Ni nyaya zimelala sakafuni mwa bahari zinaingilia Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, mbili kati yake, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikawa ya kusukuma na bega. Mwezi uliofuata, jioni ya 25 Juni, ikadorora tena nchi nzima. Kama ulikuwa umeweka Drive ya kompyuta kwa ile njia ya kutiririsha, ambapo unaona jina la faili lakini faili yenyewe haiko kwa mashine, siku hizo ulikuwa unaangalia majina. Ni kama kuwa na menyu bila chakula. Bofya kulia kwa folda unayofanyia kazi wiki hii, uiambie ikae kwa mashine hata bila mtandao. Ni sekunde kumi.

Kuna na akaunti ambazo si zako. Chuo niliacha, hiyo si siri kwa wanaonifuata, na sitaki pole. Lakini akaunti ya email ya chuo, na nafasi yote inayokuja nayo, ni ya chuo. Zamani Google walikuwa wanapea shule nafasi isiyo na mwisho. Kuanzia 2022 taasisi nzima inagawana TB 100 kama msingi, kwa hivyo msimamizi wa akaunti akiona mtu amebeba video za miaka mitatu na hasomi tena, utamlaumu? Mimi nilitoa vyangu vyote kwa Google Takeout wiki niliyoamua kuondoka, kabla hata sijamwambia mzazi. Wawili tuliokuwa nao hosteli walingoja, siku moja paswadi ikakataa. Mmoja alikuwa na picha za marehemu babake humo. Ameandikia hicho chuo mara ngapi, hajajibiwa hadi leo. Kama uko mwaka wa mwisho unasoma hii, fanya leo. Na ile Gmail yako ya kwanza ya high school, yenye jina la aibu, uiingie mara moja moja, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijaguswa miaka miwili.

Hayo yote ni usumbufu. Unapoteza kazi, unapoteza pesa, unaendelea. Sababu ya kuandika hii ni nyingine, ni sura za watu.

25 Juni 2024 nilikuwa tao na simu, kama wengi wenu. Nilirudi mtaani usiku, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na klipu zaidi ya mia. Kesho yake msee mmoja tunayefanya naye kazi akafungua folda ya Drive, akaweka linki kwa grupu: kila mtu apandishe zake zote, ziwe salama. Linki ya aina gani? Ile ya "yeyote mwenye linki." Nilikataa, tukakosana, na hata sasa salamu yetu ni ya mbali.

Alikuwa na nia nzuri. Lakini klipu iliyotoka moja kwa moja kwa kamera haibebi picha peke yake. Ndani yake imeandikwa saa, aina ya simu, na kama eneo limewashwa, mahali uliposimama. WhatsApp ikituma video ya kawaida hufuta sehemu kubwa ya hizo habari. Ukiituma kama dokumenti, ama ukiiweka Drive, inaenda nzima. Halafu kuna sura. Hao watu walikuja na mabango na chupa za maji, hawakuja kuwa stoo yangu. Miezi iliyofuata watu walianza kuchukuliwa kwa magari yasiyo na namba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu 82 kutoka Juni hadi Desemba 2024. Sisemi linki ya mtu ndiyo ilipeleka yeyote. Nasema mimi sikutaka kulala nikijiuliza.

Basi si ungefuta tu? Hapana, na hapa nitashikilia. Aprili 2025 BBC Africa Eye walitoa filamu ya *Blood Parliament*, kuhusu waliouawa karibu na Bunge siku ile. Walichambua zaidi ya picha na video 5,000 kutafuta nani alifyatua. Hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Ni watu walirekodi na hawakufuta. Tungefuta sote kwa uoga, leo tungekuwa na hadithi tu, na hadithi hukanushwa asubuhi na mapema.

Kwa hivyo zikae, lakini wapi? Diski ya keja nayo si ngome. Siku chache baada ya hiyo filamu, tarehe 2 Mei 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa nayo, na BBC yenyewe ikasema hawakuhusika kuitengeneza. Waliachiliwa, lakini kompyuta na diski na simu zao zilibaki kwa wiki nyingi. Zilipokuja kurudishwa, wataalamu wa Citizen Lab wakakuta baadhi ya simu zimewekwa programu ya ujasusi inayoitwa FlexiSPY. Hiyo ikuonyeshe kwamba faili kuwa CHINI maana yake ni moja tu, kwamba haiko kwa mtandao. Ili mtu aliyeshika diski asione kitu, lazima iwe imefungwa. VeraCrypt ni ya bure, unatengeneza sanduku ndani ya diski lenye paswadi, bila paswadi ni takataka ya namba. Ubaya wake ni kwamba ukiisahau, na wewe pia ni mwizi tu. Yangu nimeiandika kwa karatasi, na karatasi haikai nyumba moja na diski yoyote.

Na msidhani sura ni mambo ya maandamano peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Wewe unayerekodi watu wakikula nyama uweke "Kayole vibes", sijui bajeti yako ikoje.

Kati ya klipu zangu kuna moja ya dakika nne. Kijana wa mtaa wa nyuma yetu anaanguka, mkebe wa teargas umempiga karibu na jicho. Mwingine anamwinua, anambeba hadi ukutani, na sura ya huyu wa pili inaonekana wazi kuliko ya yeyote. Wiki ya tatu mamake yule wa kwanza alikuja mlangoni.

"Kijana yangu, wanasema wewe ndiye uko na video."

"Niko nayo, mama. Karibu ukae."

Alikuwa ameongea na wakili. Wakili alitaka ile ya asili, na hizo habari za saa na mahali zikiwa ndani, kwa sababu iliyokatwakatwa mtu atasema imechezewa. Kitu kile kile kinachoifanya iwe hatari ndicho kinachoifanya iwe ushahidi.

Siku mbili baadaye akaja yule aliyembeba. Huyo hakukaa hata.

"Bro, futa hiyo kitu. Nina mtoto wa miezi mitano."

Utamwambia nini? Hakufanya kosa lolote, alimwinua mtu. Kama ningekuwa nimeweka kwa ile folda ya linki, ningekuwa sina la kumjibu, kwa sababu faili ikishashushwa na watu usiowajua, hata ukiifuta unafuta yako tu. Lakini ilikuwa CHINI. Nilijua nakala ziko ngapi na ziko wapi, na nikamwambia: mbili, zote zimefungwa, moja hapa na moja mbali. Sijui kama kuna kitu kingine kingemtuliza. Nilimwomba aende aongee na wakili mwenyewe kabla hatujaamua. Alichukua wiki mbili. Akaenda, wakakubaliana. Nikampelekea wakili ile ya asili kwa flashi, mkono kwa mkono, mbele ya mama na mbele yake. Haijapita kwa email, haijapita WhatsApp. Ile ya kuonyesha watu nimeifunika sura, na hata hiyo sijaipandisha popote.

Kwa kufuta tulielewana hivi: kesi ikiisha, atakuja yeye mwenyewe abonyeze, na ile diski ya pili nitaileta siku hiyo hiyo.

Kesi bado. Diski ya pili iko kwa shangazi yangu Utawala, ndani ya ule mkebe wa biskuti ambao tangu nizaliwe sijawahi kuona una biskuti, pamoja na nyuzi na sindano na vifungo vya shati. Jumapili ya mwisho wa mwezi huwa naenda kuibadilisha. Shangazi hajawahi kuuliza kuna nini ndani. Huuliza tu kama hicho kitu hushika moto, juu anataka kusongeza kabati karibu na jiko.